Elimu ya Watoto Wadogo: Maarifa Yaliyovuka Mipaka Pamoja na Wakimbizi



Mwezi wa Juni una siku mbili ambazo sisi wakazi wa kambi hatuwezi kuzipita kimya. Tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia mwaka 1991 ili kuwakumbuka wanafunzi waliopigwa risasi Soweto mwaka 1976. Tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, inayoadhimishwa ulimwenguni kote tangu mwaka 2001. Kwa kuwa siku hizi zinakaribiana, Kamati imetutaka sisi walimu tuandike juu ya elimu ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, wale mnaowaona asubuhi wamekaa juu ya turubai chini ya mwembe.

Katika mikutano ya zoni wazazi hutuuliza maswali mawili. La kwanza: "Mtoto wangu anacheza tu, mtamfundisha kusoma lini?" La pili ni zito zaidi: "Haya mambo ya chekechea si ya wafadhili? Siku wakiondoka, si yatakwisha?" Swali hilo la pili haliwezi kujibiwa kwa maneno matupu. Linajibiwa na historia, na historia yenyewe inawahusu watu kama sisi. Katika makala haya tutaonyesha mambo mawili. Kwanza, maarifa ya kuwafundisha watoto wadogo hayana taifa moja lenye kuyamiliki: kila nchi iliyapata kwa jirani, na mara nyingi aliyeyabeba alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao. Pili, yalidumu pale tu wenyeji walipoyafanya kuwa yao.

Yatima wa vita

Tuanze Uswisi. Mwezi Septemba 1798 jeshi la Ufaransa liliingia katika jimbo la Nidwalden, likaua watu na kuchoma nyumba. Watoto wengi walibaki bila wazazi. Serikali ikamtuma Johann Heinrich Pestalozzi, mtu wa miaka 52, akafungue makao ya yatima katika mji wa Stans. Alipokea watoto wapatao 80. Walikuja wakiwa na njaa, upele na hofu. Msaidizi wake alikuwa mwanamke mmoja wa kazi za nyumbani. Alikula nao, akalala nao, akawauguza. Kwa kuwa alikuwa peke yake, aliwafundisha kwa vitu walivyoviona na kuvishika, na mtoto aliyeelewa akamkalisha mwenzake na kumwelekeza.

Mwezi Juni 1799 jengo lile lilichukuliwa kuwa hospitali ya askari, na kazi ikaisha. Ilidumu nusu mwaka tu. Hata hivyo aliyojifunza Pestalozzi katika miezi ile aliyapeleka Yverdon, na shule yake ya huko ikawa mahali ambapo walimu wa nchi mbalimbali walikwenda kuangalia. Wazazi wenzetu, angalieni hapo: wazo kwamba mtoto hujifunza kwanza kwa macho na mikono, kabla ya maneno ya kukariri, halikutoka kwa matajiri. Lilipata nguvu miongoni mwa yatima wa vita, chini ya mwalimu asiye na vifaa.

Bustani iliyopigwa marufuku

Miongoni mwa waliokwenda Yverdon alikuwamo kijana wa Kijerumani, Friedrich Fröbel. Alifika mara ya kwanza mwaka 1805, akarudi na kukaa kuanzia 1808 hadi 1810. Fröbel mwenyewe alifiwa na mama kabla hajatimiza mwaka mmoja. Alichukua mengi kwa Pestalozzi, lakini baadaye akaona kuna pengo: mtoto ambaye hajafikia umri wa shule hakuwa na mtu wa kumfikiria. Mwaka 1837 alifungua kituo katika mji mdogo wa Blankenburg, na mwaka 1840 akakipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto ni kama mmea: mkulima hauvuti mche ili urefuke, bali huupalilia na kuumwagilia. Vifaa vyake vilikuwa mipira ya sufi, tufe la mti, mchemraba, na mchemraba mwingine uliokatwa vipande vinane ili mtoto aujenge na kuubomoa.

Mwaka 1848 Ujerumani ilitikiswa na maasi ya kudai uhuru na katiba, yakazimwa. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani za watoto, ikidai zinaeneza ujamaa na kumkana Mungu. Inasemekana ilimchanganya Fröbel na mpwa wake aliyekuwa ameandika kijitabu. Fröbel alifariki mwezi Juni 1852 bila kuona amri hiyo ikifutwa. Ilifutwa mwaka 1860.

Waliotaka kuimaliza kazi hiyo waliisambaza. Wajerumani waliokimbia baada ya maasi waliondoka nayo vichwani mwao. Bertha Ronge na mumewe Johannes walifungua bustani ya watoto London mwaka 1851. Mdogo wake Bertha, Margarethe Schurz, alikuwa amejifunza kwa Fröbel mwenyewe, na mumewe alikuwa amekimbia Ujerumani baada ya kushiriki maasi. Walihamia Marekani, na mwaka 1856, katika mji wa Watertown, jimbo la Wisconsin, Margarethe alianza kumfundisha binti yake pamoja na watoto wachache wa ndugu. Alifundisha kwa Kijerumani, lugha ya wakimbizi wenzake. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa bustani ya kwanza ya watoto nchini Marekani.

Mwaka 1859 Margarethe alikutana na mwalimu wa Boston, Elizabeth Peabody, akamweleza kazi hiyo. Mwaka uliofuata Peabody alifungua bustani kwa Kiingereza. Baadaye, mwaka 1867, alikwenda Ulaya kuitazama kazi kwa wenyewe, akarudi na kuwaelimisha Wamarekani. Mwaka 1873 mji wa St. Louis, ambako Susan Blow alifundisha, uliiingiza bustani ya watoto katika shule za umma. Mwaka 1876 ilifika Tokyo, Japani, katika chuo cha walimu wanawake, na mwalimu mkuu wake alikuwa Clara Matsuno, mwanamke wa Kijerumani aliyeolewa na Mjapani.

Hesabuni wenyewe: kutoka chumba cha familia ya wakimbizi hadi shule za umma ni miaka 17 tu. Na mwanzo wake haukuwa fedha. Ulikuwa mazungumzo ya mwanamke mgeni na mwanamke mwenyeji aliyekuwa tayari kusikiliza.

Daktari wa Roma na ua wa Kihindi

Habari ya pili inaanzia Italia. Maria Montessori alikuwa daktari, alihitimu Roma mwaka 1896. Alipopewa watoto waliosemekana kuwa hawafundishiki, alitafuta msaada nje ya nchi yake. Alisoma vitabu vya madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, na ili asikose hata neno akavitafsiri na kuvinakili kwa mkono. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa vibarua maskini. Wazazi walikuwa kazini mchana kutwa, na watoto walibaki ngazini wakiharibu kuta. Montessori aliwapa meza na viti vya kimo chao, kazi za mikono za kweli kama kufagia, kunawa na kufunga vifungo, na uhuru wa kuchagua.

Naye pia alikuja kuonja uhamisho. Shule zake zilifungwa nchini Italia chini ya Mussolini, na mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamtoa Hispania. Mwaka 1939 alikwenda India kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza mwaka 1940, yeye akawekewa mipaka ya kutembea na mwanawe Mario akatiwa kizuizini kwa muda. Akiwa huko hadi 1946 alifundisha walimu zaidi ya elfu moja.

Lakini somo kubwa zaidi la India lilianza kabla hajafika. Gijubhai Badheka, aliyewahi kufanya kazi hapa Afrika Mashariki ujanani mwake na baadaye akawa wakili, alisoma maandishi ya Montessori, akaacha sheria, na mwaka 1920 akafungua shule ya watoto wadogo huko Bhavnagar. Hakuishia kuiga. Aliandika hadithi kwa Kigujarati, lugha ya watoto wenyewe. Aliyefanya naye kazi, Tarabai Modak, aliona kwamba vifaa vya Montessori vina bei kubwa na mwanakijiji hawezi kuvinunua. Mwaka 1945 alianza kazi katika kijiji cha Bordi, pamoja na Anutai Wagh, wakitumia majani, mbegu, mawe na kokwa. Pale ambapo watoto hawakuja shule, walimu waliwafuata uani kwao. Kituo hicho kikaitwa "anganwadi", neno lenye maana ya ua wa nyumba. Mwaka 1975 serikali ya India ililichukua jina hilo kwa mpango wake wa taifa wa chakula, afya na malezi ya watoto, na leo vituo hivyo vimezidi milioni moja.

Sisi tunaona kuwa hapo ndipo penye jibu la swali la wazazi. Vifaa vya Roma havikuweza kufika kila kijiji cha India. Lakini wazo lilifika, kwa sababu kulikuwa na watu wa kulivua nguo za kigeni na kulivika za kwao.

Majirani zetu wa Afrika Mashariki

Tusifikiri kwamba haya ni ya mbali. Nchini Kenya, wakati wa hali ya hatari kati ya 1952 na 1960, watu wa Kati walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi. Akina mama walipopelekwa kazini, watoto waliachwa katika vituo vya kulelea. Baada ya uhuru wa 1963 wananchi walijenga shule za watoto kwa moyo wa harambee, ingawa walezi wengi hawakuwa na mafunzo. Kuanzia 1971 hadi 1982 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilishirikiana na Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi kufanya majaribio ya kuwafunza walezi hao. Matunda yake yalikuwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, kilichoundwa mwaka 1984, na vituo vya wilaya vilivyofuata. Waholanzi walitoa fedha, lakini nyimbo, hadithi na vitendawili vilikusanywa kwa lugha za makabila kutoka kwa wazee na akina mama.

Mombasa nako, miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu waliona watoto wao wanachelewa shuleni. Waliomba msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mwalimu mstaafu Bi Swafiya Said akaongoza kazi ya kuunganisha madrasa na elimu ya awali. Baadhi ya mbinu zilitoka mbali sana, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, ambako mtoto hupewa nafasi ya kupanga atakachofanya, kukitenda, kisha kusimulia alichokifanya. Kule Mombasa mbinu hizo zilivikwa Kiswahili, desturi za Pwani na mafundisho ya dini, na vifaa vikatengenezwa kwa makuti, vifuu na vitambaa. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Nchini Tanzania, inayotuhifadhi, vijiji vya ujamaa vilikuwa na vituo vya kulelea watoto, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliiweka elimu ya awali katika mfumo rasmi. Kwetu Kongo sheria ya elimu ya 1986 iliitambua shule ya watoto wadogo, ile ambayo wengi wetu tunaiita "maternele". Ila ilikuwa zaidi ya watoto wa mjini. Wengi wetu tuliotoka vijiji vya Fizi na Uvira tumeiona kwa karibu mara ya kwanza hapa kambini. Ni jambo la ajabu, lakini ni kweli: ukimbizi ulioturudisha nyuma kwa mengi umetukutanisha na jambo hili.

Je, kucheza ni kupoteza muda?

Sasa turudi kwa swali la kwanza. Huko Ypsilanti, kati ya 1962 na 1967, watafiti walichukua watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi. Watoto 58 walipata shule ya awali yenye mchezo uliopangwa, na 65 hawakuipata. Kisha watafiti wakawafuatilia hadi walipovuka umri wa miaka 40. Waliopitia shule ile, kwa wastani, walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Hao hawakukaririshwa tangu asubuhi hadi mchana. Walicheza, na mwalimu akawauliza: "Unafanya nini? Kwa nini umeanza na hiki?"

Kwa hiyo mzazi anayemwona mwanawe akipanga vizibo vya chupa kumi kumi asiseme hafundishwi. Anahesabu. Anayefinyanga ng'ombe wa udongo anazoeza vidole vitakavyoshika kalamu. Anayesimulia hadithi ya sungura anajifunza kupanga habari, mwanzo, katikati na mwisho. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Hali yetu hapa kambini

Tuseme kweli juu ya hatari iliyopo. Misaada inapopungua, darasa la watoto wadogo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kukatwa, kwa kuwa halina mtihani wa kuonyesha. Kama elimu hii inakaa katika stoo ya mfadhili, itafungwa pamoja na stoo. Kuna mwaka tulipokea masanduku ya vifaa vizuri vya plastiki kutoka shirika moja, na muda mrefu vilibaki chini ya kufuli kwa hofu ya kupotea, huku watoto nje wakijenga nyumba kwa vijiti na matope. Hatulaumu mtoaji. Tunasema tu kwamba watoto walikuwa wamekwisha kutuonyesha njia.

Tuna utajiri mwingine ambao hauhesabiwi katika mgao. Wenzetu walimu waliohamishiwa Marekani, Kanada na Australia, baadhi yao wakifanya kazi katika vituo vya watoto, hutuandikia na kutupigia simu. Wanatueleza jinsi chumba kinavyogawanywa pembe mbalimbali, ya kujenga, ya vitabu, ya kuigiza nyumbani. Nasi tunawauliza maswali ya kambi: mlezi mmoja mwenye watoto 60 afanye nini? Mara nyingine wanakosa jibu, na sisi ndio tunawaeleza kwamba tumewagawa vikundi chini ya watoto wakubwa wa shule ya msingi. Hapo tunamkumbuka Pestalozzi pale Stans. Mawasiliano ya namna hiyo ni ya kupeana, si ya kupokea tu.

Tena kuna jambo la lugha. Watoto wetu husikia Kibembe au Kifuliiru nyumbani, Kiswahili uwanjani, na baadaye Kifaransa darasani, kwa kuwa tunafuata mtaala wa kwetu. Gijubhai aliandika Kigujarati, Margarethe alifundisha Kijerumani ugenini, Wakenya walikusanya nyimbo za makabila yao. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa kumnyamazisha mtoto katika lugha ya mama yake. Nasi hatuna sababu ya kuanza hivyo.

Mambo tunayoyaomba

Kutokana na historia hii, sisi walimu tunaiomba Kamati na wazazi mambo matatu.

1. Kila zoni iwe na daftari la nyimbo, hadithi, vitendawili na michezo ya watoto, kwa Kibembe, Kifuliiru, Kiswahili na lugha nyingine zilizopo, litakaloandikwa kutoka vinywani mwa bibi na babu zetu wakiwa bado hai. Daftari halihitaji mfadhili. Linahitaji kalamu na subira.

2. Kila mlezi mwenye ujuzi awe na kijana wawili wa kujifunza kwake, ili akihama, akirudi nyumbani au akifariki, darasa lisikose mtu. Kazi iliyo katika kichwa kimoja hufa na mwenye kichwa.

3. Wazazi wajitolee kwa zamu siku moja kwa mwezi kutengeneza vifaa na kukaa na watoto. Mzazi aliyeona kwa macho yake hatauliza tena kama wanacheza tu.

Ndugu wasomaji, hatujui tutaondoka hapa lini, wala kama tutakwenda wote njia moja. Baadhi yetu watarudi Kivu, wengine watavuka bahari, wengine watabaki. Kadi ya mgao haitakuwa na kazi huko, na nyumba za udongo tutaziacha. Kinachoweza kuvuka mpaka bila kukaguliwa ni ujuzi. Wajerumani waliokimbia baada ya maasi walivuka na bustani ya watoto, na wajukuu wa waliowapokea wakafaidi. Sisi nasi tuhakikishe kwamba popote tutakapofika, watoto wa hapo, wetu na wa jirani, wataona kuwa tulifika na kitu.

Tunawatakia wote maadhimisho mema ya mwezi huu wa Juni. Milango ya vituo iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi. Karibuni mtutembelee.